Juu ya Kioo Kilichonyamaza

Watu wengi huogopa kelele, lakini kwa maoni yangu kimya ndicho kinachotupoteza zaidi. Mtu anayepigiwa kelele hujua alipo mgomvi wake. Mtu anayenyamaziwa hubaki na dhana zake, na dhana ni mshauri mbaya. Mke akinyamaza mume hudhani amechukiwa. Mwanafunzi akinyamaza mwalimu hudhani hakufahamu. Kompyuta ikinyamaza mwenye kuitumia hudhani imekufa. Aghalabu dhana zote tatu si kweli. Nataka kueleza hapa kimya cha namna ya tatu, kwa sababu kiliwahi kunitia hasara isiyolipika, na kwa sababu naona wenzangu wa fani ya lugha wanazidi kuzitumia mashine hizi bila ya kuambiwa tabia zake.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na nyumba yangu iko Chang'ombe, mahali ambapo kimya ni kitu adimu. Siku za mpira sauti za uwanjani hunifikia mezani. Siku nyingine misumeno ya maseremala wa Keko hushika zamu. Kazi yangu, nje ya darasa, ni kukusanya maneno. Kwa kazi hiyo natumia kompyuta yenye mfumo wa Linux, uliozaliwa mwaka 1991 kwa kufuata nyayo za Unix ya mwaka 1969. Sikuichagua kwa ujuzi. Niliwekewa na rafiki yangu, ambaye sifa kubwa aliyoitaja ni kwamba haiuzwi. Mfumo huo una picha na madirisha kama mifumo mingine, lakini kazi za maneno mengi, kama kuyahesabu, kuyapanga kwa alfabeti au kutafuta neno moja ndani ya mafaili mia, hufanyika upesi zaidi katika terminali. Hilo ni dirisha lisilo na picha, ambamo mtu huandika amri naye hujibiwa kwa maandishi.

Mwaka 2013 nilijuana na mzee mmoja wa Temeke aliyekuwa kuli bandarini tangu ujana wake. Alijua maneno ya makuli ambayo sikuyaona katika kamusi yoyote: majina ya vifundo vya kamba, ya namna za kubeba gunia, ya kasoro za mzigo, na ya wasimamizi wasiopendwa. Hakutaka chombo cha kunasa sauti. "Sauti yangu itakaa na mimi," aliniambia. "Wewe andika, mwanangu." Basi niliandika mbele yake, barazani kwake, kompyuta ikiwa juu ya kibao. Mzee alikuwa na desturi ya kunyamaza katikati ya maelezo. Alisema neno, akatazama njia kwa kitambo kirefu, kisha akaendelea. Nami nilijifunza kumngoja, maana baada ya kila kimya kirefu lilitoka neno bora kuliko yaliyotangulia.

Alasiri moja, baada ya kuandika kwa muda wa saa tatu bila ya kupumzika, nilitaka kuihifadhi kazi yangu. Vidole vyangu, vilivyozoea programu za ofisini, vikabonyeza Ctrl na S kwa pamoja. Kioo kikaganda. Nilipiga herufi, haikutokea. Nilipiga Enter, nikapiga Esc, nikapiga kila kitufe kilichokuwa karibu, kwa upole kwanza na kwa hasira baadaye. Mzee akaniuliza, "Kulikoni, mwalimu?" Nikamjibu, "Imekufa, mzee." Nikakishikilia kitufe cha umeme mpaka ikazimika kweli.

Nilipoiwasha na kulifungua faili langu, programu ya kuandikia ilinipokea kwa maelezo marefu ya Kiingereza: kwamba imeona faili la akiba, na kwamba nichague herufi moja kati ya kadhaa. Sikuyasoma. Nilidhani ni takataka zilizobaki baada ya ajali, nikachagua D, herufi ya kufuta. Faili likafunguka likiwa na maneno ya juma lililopita tu. Ya alasiri ile, yaliyozidi sabini, hayakuwamo.

Siku ya tatu niliwasimulia wanafunzi wangu msiba huo, kwa maneno makali juu ya mashine. Kipindi kilipokwisha, msichana mmoja aliyekuwa akisoma lugha pamoja na hisabati alibaki nyuma. "Samahani, mwalimu," aliniambia, "ulijaribu Ctrl na Q?" Nikasema sikujaribu. Akatazama chini kidogo. "Na ile D, mwalimu, ulikusudia?" Nikasema sikukusudia lolote. Hakucheka, afadhali angalicheka. Alinieleza kwamba mashine haikufa hata kidogo. Niliiamuru isimame, nayo ikasimama. Herufi zote nilizozipiga kwa hasira ilizisikia na kuziweka, ikingoja ruhusa. Na hata baada ya mimi kuizima, programu ya kuandikia ilikuwa imekwisha kuweka akiba ya karibu maneno yote, ikaniuliza kama nayataka. Mara mbili nilingojwa, na mara mbili nikamkata kauli aliyekuwa akiningoja.

Ili kufahamu kwa nini herufi moja iweze kunyamazisha kioo kizima, hatuna budi kurudi katika zama za mashine zisizokuwa na kioo. Kompyuta nyingi za miaka ya sitini zilizungumza na watu kwa teleprinta, yaani taipureta iliyofungwa waya, ipelekayo herufi mbali na kuzipiga chapa zinazorudi juu ya karatasi. Moja iliyoenea sana ni Teletype Model 33 ya mwaka 1963. Mwaka huo huo ilitolewa huko Marekani orodha ya namba za herufi iitwayo ASCII. Namba 32 za mwanzo za orodha hiyo, kuanzia 0 hadi 31, si herufi za kusomwa. Ni amri kwa mashine yenyewe. Namba 7 hupiga kengele, namba 10 husogeza karatasi mstari mmoja, namba 13 hurudisha kichwa cha kuandikia mwanzo wa mstari. Kitufe cha Ctrl ndicho kinachozitoa, na hesabu yake ni nyepesi: hutazamwa herufi ni ya ngapi katika alfabeti ya Kiingereza. G ni ya saba, kwa hiyo Ctrl-G ni kengele. S ni ya kumi na tisa, na namba 19 maana yake ni simama. Q ni ya kumi na saba, na namba 17 maana yake ni endelea. Kwa namba hizo mbili teleprinta iliamriwa kusimamisha na kuendesha ukanda wa karatasi uliotobolewa, ili mpokeaji asizidiwe na maneno ya msemaji.

Unix ilipozaliwa katika maabara ya Bell, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie, watumiaji wake walikaa mbele ya teleprinta. Jina tty, ambalo hata leo Linux huliita terminali, ni ufupisho wa Teletype. Baadaye vilikuja vioo, na kimoja mashuhuri ni VT100 cha mwaka 1978, kilichoongeza amri nyingi zinazoanza kwa namba 27, ambayo ni Esc: hamisha kalamu, futa mstari. Leo teleprinta hazimo ofisini mwetu, na VT100 ni kitu cha makumbusho. Lakini dirisha la terminali lililoko mbele yangu hapa Chang'ombe bado hujifanya kuwa mashine ya ukoo huo, na hutii amri za wazee wake. Nilipobonyeza Ctrl-S nilitoa amri ya zamani ya kusimamisha ukanda. Ukanda haukuwapo, lakini amri ilitiiwa.

Jambo la pili alilonifundisha msichana yule ni kwamba kati ya kidole cha mwandishi na programu yumo bawabu. Bawabu huyo ni sehemu ya mfumo wenyewe. Herufi ninayoipiga haiendi moja kwa moja katika kioo. Humfikia bawabu, naye ndiye hurudisha mwangwi wake nikauona. Katika hali ya kawaida hushika mstari wote mkononi mpaka nibonyeze Enter, ili nikikosea nifute, ndipo huupitisha. Akiona Ctrl-C hukatiza programu inayofanya kazi, akiona Ctrl-Z huilaza, na akiona Ctrl-S hufunga mlango wa kutokea maneno. Programu inaweza kumwomba abadili tabia. Inayouliza neno la siri humwomba anyamazishe mwangwi, jirani asisome. Ya kuandikia humwomba apitishe kila herufi papo hapo. Zote huaminiwa kwamba zikimaliza zitamrudisha katika hali aliyokuwa nayo. Taabu huja pale programu inapokufa ghafula kabla ya kumwambia bawabu kwamba kazi imekwisha. Bawabu si mpumbavu. Hushika agizo la mwisho alilopewa, na aliyelitoa hayupo tena.

Kutokana na hayo, maradhi ya terminali hujulikana kwa dalili zake. Ukiandika na usione unachoandika, ilhali amri zinatendeka, mwangwi umezimwa na haukuwashwa. Mistari ikishuka kama ngazi, kila mmoja ukianzia pale ulipokoma uliotangulia, bawabu ameacha kuongeza namba 13 penye namba 10: karatasi inasogea, kichwa hakirudi. Enter ikitoa ^M badala ya kupeleka mstari, ameacha kuigeuza namba 13 kuwa 10. Kitufe cha kufuta kikitoa ^H au ^?, terminali na bawabu hawakupatana juu ya namba ipi iwe ya kufutia. Na maandishi yote yakigeuka kuwa vistari na visanduku, yamkini umeamuru kioo kionyeshe faili lisilo la maandishi. Mimi niliwahi kulimimina kiooni faili la muziki. Ndani yake ilikuwamo namba 14, ambayo ni amri ya kuhamia katika hati nyingine, nayo terminali ikahama kwa utii. Katika maradhi yote hayo hakuna kilichovunjika. Ni hali tu iliyoachwa bila ya mtu wa kuiondoa.

Dawa nazo zina utaratibu, na utaratibu huo ndio nusu ya dawa. Kwanza bonyeza Ctrl-Q, maana haigharimu kitu. Kama mlango ulifungwa, utafunguka. Pili bonyeza Ctrl-C, ikiwa uko tayari kuikatiza kazi iliyoko mbele. Kama programu ililazwa kwa Ctrl-Z, neno fg huiamsha. Tatu, hata kama huoni unachoandika, andika kwa imani maneno stty sane, yaani mwambie bawabu arudie akili yake, kisha bonyeza Enter. Enter isipokubali, bonyeza Ctrl-J, ambayo ndiyo namba 10 yenyewe, mwanzo na mwisho wa amri. Nne, kama kasoro iko katika sura ya kioo na si kwa bawabu, andika reset. Na ukitaka kujua ugonjwa kabla ya kuutibu, stty -a hukupa orodha ya maagizo yote anayoyashika bawabu kwa wakati ule. Yakishindikana yote, funga dirisha lile na kufungua jingine. Kufunga mlango mmoja si kubomoa nyumba, na kitufe cha umeme, nilichokikimbilia mimi kwanza, hakimo katika orodha hii.

Yapo maradhi mengine yanayofanana na haya kwa sura, na yanatuhusu sisi watu wa Kiswahili zaidi ya wengine. Kiini chake ni ritifaa, kile kialama kidogo kinachokaa baada ya ng. Siku chache baada ya kupona ujinga wangu wa kwanza, nilitaka kufungua kabrasha la maneno ya mtaani kwetu. Nikaamuru: mkdir Chang'ombe. Mashine haikujibu lolote ila kuweka alama ya > mwanzo wa mstari mpya. Nikabonyeza Enter, ikaweka nyingine. Nikabonyeza Ctrl-Q, haikujali. Safari hii sikuzima umeme. Nilikaa nikaitazama kama nilivyozoea kumtazama mzee wangu. Ndipo nikaelewa kwamba inangoja. Programu inayopokea amri huitwa sheli, wala si ile ya kuuzia mafuta ya gari. Na kwa sheli ritifaa ni alama ya kufungua nukuu. Nilikuwa nimesema Chang, nikafungua nukuu, nikasema ombe, nisiifunge. Ingengoja mpaka asubuhi niimalizie kauli yangu.

Nikacheka, lakini kicheko hakikudumu. Nilijiuliza: ikiwa ritifaa moja hufungua nukuu, je, mbili? Nikajaribu kuiamuru itamke maneno niliyompa: echo ng'oa ng'ombe. Safari hii haikungoja. Ilijibu papo hapo: ngoa ngombe. Ritifaa ya kwanza ilifungua, ya pili ikafunga, na zote mbili zikatupwa kama maganda. Hapa ndipo penye hatari ya kweli. Kimya humshtua mtu akatafuta sababu, lakini jibu la upesi lililo pungufu hupita bila ya kutiliwa shaka. Kung'oa ni kutoa kitu na mizizi yake. Ngoa ni wivu na tamaa. Mtafiti aliyepitisha maneno yake sheli kwa namna ile ataandika kwamba wakulima wetu wana wivu, ambapo wao wanang'oa mihogo. Niliyarudia mafaili yangu ya miaka miwili, na katika baadhi yake nilikuta ng' zimekwisha kuwa ng. Dawa ni kuzungushia maneno yote alama za nukuu za mikia miwili, au kutanguliza mkwaju ulioinama nyuma mbele ya kila ritifaa. Na iliyo bora zaidi ni kuyaweka maneno ndani ya faili, kwa sababu sheli haifanyi tafsiri ya yaliyomo ndani ya faili.

Sikusudii kuwalaumu waliotunga sheli. Walihitaji alama ya nukuu, wakaichukua iliyokuwa karibu, na katika lugha yao ng haihitaji ritifaa. Kwetu nako haikukosekana juhudi. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema na mtumiaji kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kusifiwa. Lakini chini ya maneno yanayosomeka katika kioo wamo bawabu na sheli, nao hawatafsiriki. Lugha yao ni namba na alama, na hatuna budi kujifunza desturi zao kama mgeni anavyojifunza desturi za nyumba aliyofikia. Ndiyo sababu nawashauri wanafunzi wangu wa isimu, hata wale wanaosema kwamba hesabu si fungu lao, wajue stty sane kabla ya kwenda nyanjani. Anayebeba maneno ya watu hana haki ya kutojua chombo anachoyabebea.

Nilirudi kwa mzee baada ya wiki mbili. Nilimwamkia, nikaketi, nikamweleza yote, hata habari ya herufi D. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mimi nikinyamaza hunikatizi. Huyo umemkatiza kwa nini?" Sikuwa na jibu. Nilijua kwamba nilimngoja mzee kwa sababu nilimheshimu, na mashine sikuingoja kwa sababu niliiogopa, na mwoga hana subira. Hata hivyo sikumwambia. Nilifungua kompyuta, yeye akaanza upya.

Maneno hayarudi kama yalivyotoka. Kati ya yale ya alasiri iliyopotea alinipa arobaini na matatu, na mengine mapya ambayo hakuyataja mara ya kwanza. Lakini lilikuwako neno moja nililotaka kuliko yote. Lilikuwa jina la kamba iliyokwisha kukatika kwa ndani, ambayo kwa nje inaonekana nzima na bado inashikilia mzigo. Maana yake nilikuwa naikumbuka vizuri, kwa sababu niliipenda. Neno lenyewe niliiachia mashine ilikumbuke. Nilimwuliza. "Liko," alisema, "limenyamaza. Ngoja." Akatazama njia. Nilingoja mpaka kukaadhiniwa magharibi, na siku nyingine nilizokwenda nilingoja vile vile. Mzee sasa ni marehemu. Katika faili langu, ambalo nimelifanyia nakala mahali patatu, nafasi ya neno hilo nimeiacha tupu, na mbele yake nimeandika maana.